Ndoana

Tromsø, wiki ya kwanza ya Desemba.
Jua lilituaga mwishoni mwa Novemba
nami nimebandika karatasi kwenye chupa: *Kotisoli, saa mbili asubuhi.*
Asubuhi ipi? Dirishani ni buluu ya wino,
taa za daraja zinawaka kama usiku wa manane.
Lakini tezi zilizovalishwa figo kama kofia
hazichungulii dirishani. Zina saa yao.
Saa mbili ni saa mbili. Zinamimina.

Hilo nililisoma. Nimesoma mengi mwaka huu,
daftari tatu, kahawa ikipoa.
Kwa mtihani wa tezi ya shingo nilijitungia ubeti
nikaukariri basini hadi abiria mmoja akahama kiti:

     *Shingo ikikosa neno, kichwa hupaza kilio;*
     *shingo ikisema mno, kichwa huziba sikio.*

Nikafaulu. Nikadhani kusoma majibu ni huko:
namba, na mipaka yake pembeni.
Iliyoruka ukuta ipewe nyota, iliyolala ndani iachwe ilale.

Torbjørg ana miaka thelathini na mmoja katika maabara hii.
Hula mkate na jibini ya kahawia koridoni,
hunawa, hurudi, huuliza swali moja.
"Huyu ni nani?"
Prolaktini, nikamjibu. Elfu moja mia nne na kumi. Imepanda kidogo.
"Nimekuuliza ni nani."

Nikaifungua fomu.
Aslak, miaka arobaini na minne,
dereva wa gari la kuzoa theluji.
Kichwa kinamuuma tangu Pasaka.
Hamu ya unyumba imekwisha; daktari kaandika hilo kwa herufi ndogo.
Msimu huu ameangusha nguzo tisa za barabara,
tano za kulia, nne za kushoto.

"Anayesinzia huelekea upande mmoja," akasema Torbjørg.
"Huyu hana pembe za macho.
Kuna kitu nyuma ya pua yake kinaziminya neva pale zinapopishana.
Kitu kikubwa hivyo, kitoe elfu moja na ushei?"
Kichwa changu hakikupaza chochote.

Akachora juu ya boksi la glavu.
Kingamwili wa kwanza kaishika homoni mkono huu,
wa pili, mbeba taa, kaishika mkono ule.
Mashine huhesabu taa.
Sasa homoni zije kwa mafuriko:
kila mmoja kapata wake, hakuna anayeshikana na mwenzake,
na tukiosha, taa zinakwenda na maji.
Mashine huona giza, huandika: *wachache.*
Mstari wake ulipanda, ukapanda,
kisha akaukunja kurudi chini.
"Ndoana," akasema.

Nikavuta maikrolita kumi,
nikazitia katika mia tisa na tisini za kimiminika,
mkono ukinitetemeka kama wa mwizi.
Bibi yangu kule Karasjok husema
mchuzi ukitiwa maji huwa mwongo.
Dakika kumi na nane nilimfikiria bibi
na kuitazama ile mistari ya kijani ikisogea.

Elfu tatu mia nane sitini na mbili.
Zidisha kwa mia.
Nilizidisha kwa kikokotoo, kisha kwa kalamu,
kisha nikamwita Torbjørg azidishe yeye:
laki tatu, themanini na sita elfu, na mia mbili.

Hakunisifu. Alichukua simu,
akamtamkia daktari namba mara mbili, tarakimu kwa tarakimu,
akataja jina la Aslak kamili.
Kisha akaniambia, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani pake,
kwamba uvimbe wa namna hii mara nyingi hunywea kwa vidonge,
na macho, wakati mwingine, hurudi.
Wakati mwingine, akarudia.

Nikatoka saa tisa alasiri, gizani.
Gari la theluji lilikuwa likishuka mtaani na taa yake ya chungwa.
Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaongeza ya tatu.
Sikujua ni nani usukani.